Sadaka Haifuti Deni la Mshahara

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Methali hii twaisikia katika kila harambee ya parokia, na ni methali ya kweli. Lakini wahenga wetu walituachia na nyingine, ambayo haisikiki sana mbele ya kipaza sauti: "Dawa ya deni ni kulipa." Juma hili twapenda kuziweka methali hizi mbili pamoja, tuseme nanyi, akina baba na akina mama wa jamaa zetu za Kikristu, juu ya wakuu wa makampuni na matajiri wenye kuajiri watu: juu ya kazi yao, na juu ya utumishi wao kwa taifa. Maana twaona ya kuwa wengi wetu twaishika methali ya kwanza, na ile ya pili tumeiacha nje ya mlango wa kanisa.

Tutaanza na kisa kilichotupata sisi wenyewe, nacho ni cha kututia aibu.

Miaka michache iliyopita tulialikwa katika parokia moja kuongoza harambee ya kuezeka kanisa. Mgeni wa heshima alikuwa bwana mmoja mwenye kampuni, mtu wa watu, anayejulikana kwa ukarimu. Zamu yake ilipofika alisimama, akasema kwamba mabati ya kanisa zima atayatoa yeye. Vigelegele vilipigwa, kwaya ikaimba, akina mama wakamvika kanga mabegani. Sisi ndio tulioshika kipaza sauti. Tulimsifu kwa maneno mengi, tukamweka mbele ya waamini kuwa mfano wa Mkristu anayetumia mali yake vizuri.

Misa ya jioni ilipokwisha, mzee mmoja alikuja mlangoni pa sakristia, kofia mkononi.

"Tumsifu Yezu Kristu, Padre."

"Milele amina. Karibu, mzee wangu."

"Sikuja na lawama, Padre. Nina swali tu. Mimi ni mlinzi katika ghala la yule bwana aliyetoa mabati. Mabati ni mazuri, nami nimefurahi kwa ajili ya kanisa. Lakini mshahara wangu wa miezi minne sijaupata, wala wenzangu hawajaupata. Nauliza, je, katika mabati yale, yamo na ya mshahara wangu? Kama yamo, basi na mimi niandikwe katika daftari la waliochangia."

Hatukuwa na jibu. Tulitia mkono mfukoni, tukampa nauli ya kurudi kwake, tukamwahidi kumkumbuka katika sala. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake. Usiku ule ndipo tulipong'amua tulilolifanya. Mzee alikuwa ameomba haki, nasi tulimpa sadaka. Kosa lile lile la tajiri wake tulilirudia sisi, padre, kwa kiasi kidogo cha fedha.

Hatuandiki haya ili kuwatukana matajiri. Kanisa halijafundisha kamwe kwamba kuwa na mali ni dhambi, wala kwamba biashara ni kazi ya shetani. Mtu anayeanzisha kiwanda, akawaajiri vijana mia mbili, ameziwasha jikoni mia mbili. Kazi hiyo yahitaji akili, ujasiri na usiku mwingi wa kukosa usingizi. Nchi isiyo na watu wa namna hiyo itabaki kuombaomba. Ndiyo maana hatuoni vibaya mzazi Mkristu akimwombea mwanawe awe siku moja mkurugenzi wa kampuni, kama vile mwingine anavyomwombea wake awe mganga au mwalimu.

Tena hatusahau ya kuwa nchi yetu imeona wafanyabiashara waliojali mambo ya watu wote. Marehemu Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, Mkristu wa Kilutheri, alianza kwa kazi ya uhasibu, kisha akaingia katika viwanda vidogo na baadaye magazeti, redio na televisheni. Wengi wanamkumbuka zaidi kwa miti iliyopandwa katika mkoa wa Kilimanjaro, na kwa mlo ambao kila mwaka aliwaalika ndugu zetu walemavu kula naye mezani. Alipofariki huko Dubai mwezi wa Mei 2019, watu wa dini zote walisimama barabarani kulipokea jeneza lake. Taifa lilikuwa likimshukuru mtu aliyejua kwamba mali ya mtu mmoja ina deni kwa watu wengi.

Basi swali letu si kama tajiri autumikie umma au asiutumikie. Imempasa autumikie. Swali letu ni hili: utumishi huo waanzia wapi? Je, waanzia penye jukwaa la harambee, au waanzia mahali pengine kabla ya hapo? Ili kulijibu, twapenda kuwasimulia maisha ya mkuu mmoja wa kiwanda, mlei, mume na baba wa watoto, ambaye Kanisa limeyachunguza maisha yake kwa makini.

Jina lake ni Enrique Shaw, mtu wa Argentina, katika Amerika ya Kusini. Alizaliwa mwaka 1921 mjini Paris, wazazi wake wakiwa ni Waargentina wa jamaa yenye mali. Mama yake alikufa yeye angali mtoto mdogo. Alipokuwa kijana alijiunga na jeshi la majini, akawa ofisa, na huko melini aliwafundisha mabaharia katekisimu. Mwaka 1943 alimwoa Cecilia Bunge, na Mungu akawajalia watoto tisa.

Mwaka 1945 aliacha jeshi. Moyo wake ulikuwa umeguswa na hali ya wafanyakazi, akataka kwenda kuwa mfanyakazi wa kawaida kiwandani ili awapelekee Injili. Padre mmoja aliyemwendea kwa shauri, huko Marekani, alimwonyesha njia nyingine. Alimfahamisha kwamba kwa kuzaliwa kwake na kwa elimu yake angeweza kuwafaa wafanyakazi zaidi akiwa miongoni mwa wenye kuamuru, kwa maana huko ndiko Injili ilikokuwa ikikosa wahubiri. Shaw alitii. Aliingia katika kampuni ya Rigolleau, yenye kiwanda kikubwa cha vyombo vya kioo huko Berazategui, karibu na Buenos Aires, akapanda ngazi hata akawa mkurugenzi wake mkuu.

Tazameni sasa jinsi alivyoishika kazi hiyo. Hakukaa ofisini akisubiri taarifa. Alitembea kiwandani penye joto la tanuri, akazungumza na wafanyakazi, akawajua kwa majina, akauliza habari za wake zao na watoto wao. Aliona ya kuwa mkuu wa kiwanda amekabidhiwa watu kwanza, na mitambo baadaye. Mwaka 1952 aliwakusanya wenzake, wakaanzisha chama cha Kikristu cha wakuu wa makampuni. Chama hicho kiliwakumbusha matajiri wajibu wao, na kilichangia kupatikana kwa utaratibu wa posho ya familia kwa wafanyakazi wa Argentina, ili baba mwenye watoto wengi asilale njaa. Shaw alishiriki pia katika kuanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Argentina mwaka 1958. Na mwaka 1955, serikali ya Perón ilipogombana na Kanisa, alikamatwa pamoja na walei wengine wa Aksio Katolika, akakaa kifungoni siku kadhaa.

Lakini jaribu kubwa lilikuja mwishoni. Tangu mwaka 1957 alikuwa mgonjwa wa saratani. Mwaka 1961, hisa nyingi za kampuni zilipokuwa zimeingia mikononi mwa wenye mali wa Marekani, ikaamriwa kwamba wafanyakazi 1,200 waachishwe kazi, kwa kuwa biashara ilikuwa imepungua. Kwa mkurugenzi mgonjwa, mwenye watoto tisa, njia rahisi ilikuwa kutia sahihi. Angeweza kusema: amri imetoka juu, mimi ni mtumwa tu. Shaw hakutia sahihi. Alipinga, akaleta mpango wa kuivusha kampuni katika shida ile bila kumfukuza mtu, akasema wazi kwamba akifukuzwa mfanyakazi hata mmoja, yeye naye ataondoka. Mpango wake ukakubaliwa, na wale watu wakabaki na kazi zao.

Mwaka uliofuata hali yake ilizidi kuwa mbaya, akahitaji kuongezewa damu. Habari zilipofika kiwandani, wafanyakazi wapatao 260 walikwenda kujitolea damu kwa ajili ya mkurugenzi wao. Aliporudi kwa muda kuwashukuru, aliwaambia kwa furaha kwamba sasa karibu damu yote iliyomo mwilini mwake ni damu ya wafanyakazi. Alifariki tarehe 27 Agosti 1962, akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitangaza kwamba Enrique Shaw aliziishi fadhila za Kikristu kwa kiwango cha kishujaa, akamwita Mwenye Heshima, ngazi iliyo chini ya ile ya Mwenye Heri.

Ndugu wasomaji, tumesikia mara nyingi juu ya wafanyakazi wanaomchangia tajiri sherehe ya kuzaliwa kwake kwa kuogopa. Damu haichangwi kwa kuogopa. Shaw aliwalipa watu wake haki yao, aliwapigania walipotaka kutupwa, ndipo walipompa kitu ambacho fedha haikinunui. Alisaidia chuo kikuu, alisaidia maskini, aliitumikia nchi yake kwa njia nyingi. Lakini utumishi wake wote ulisimama juu ya msingi mmoja, nao ulikuwa langoni mwa kiwanda chake.

Hilo ndilo fundisho la Kanisa tangu zamani. Torati ya Musa yaamuru kibarua maskini alipwe ujira wake siku ile ile, jua lisitue kabla hajaupata, kwa kuwa moyo wake wautazamia. Mtakatifu Yakobo katika waraka wake awaambia matajiri ya kuwa ujira walioushika, wa watu waliovuna mashamba yao, wapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Katekisimu nayo yaihesabu dhambi ya kumnyima mfanyakazi ujira wake pamoja na uuaji katika zile dhambi zinazolia mbinguni. Hata Papa Leo wa Kumi na Tatu, mwaka 1891, katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba haitoshi tajiri kusema, "Tulipatana." Mtu mwenye njaa atapatana na lo lote. Imepasa mshahara umtoshe mfanyakazi mwangalifu kujikimu kwa heshima. Fundisho hilo ni hai mpaka leo. Papa Leo wa Kumi na Nne, alipochaguliwa mwaka 2025, alieleza kwamba alilichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Papa huyo na waraka wake.

Na tukitaka mfano katika Injili, yupo Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko. Yezu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo aliahidi mambo mawili. La kwanza, kuwapa maskini nusu ya mali yake. La pili, kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Angalieni sana: hakuyachanganya. Hakusema, "Kwa kuwa nimewapa maskini nusu, wale niliowadhulumu wanisamehe." Sadaka ilikaa mahali pake, na deni likalipwa mahali pake. Ndipo Bwana aliposema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Twajua tutajibiwa nini. Wako wakuu wa makampuni wenye nia njema watakaosema, "Padre, ninyi hamjui shida za biashara. Wateja wetu hawalipi. Tumefanya kazi ya umma, na malipo yetu yamekawia mwaka mzima. Benki yadai kila mwezi. Tutoe wapi mshahara?" Maneno haya si uongo, nasi hatuyadharau. Mtu asiye na fedha hana, na Mungu hamdai mtu asichokuwa nacho. Lakini kwa mtu wa namna hiyo twauliza mambo matatu tu. Je, umewaita watu wako ukawaeleza hali ilivyo, au wanaambiwa "kesho, kesho" na karani wa mlangoni? Je, katika kufunga mikanda, ulianza na mkanda wako mwenyewe, safari zako na gari lako? Na zile fedha ulizozikata katika mishahara yao kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ulizipeleka, au zimelala katika biashara yako? Fedha hizo hazikuwa zako hata siku moja. Mzee akistaafu, akienda kudai akiba yake akakuta daftari tupu, huo si ugumu wa biashara. Huo ni wizi uliovaa tai.

Sasa twageuka kwetu wenyewe, mapadre na halmashauri za walei. Hatusemi mchango wa tajiri ukataliwe, wala padre afanywe mkaguzi wa hesabu za watu. Lakini tusiwe wepesi wa kuuza viti vya mbele. Yule anayetoa mabati mia na yule mjane anayetoa shilingi mia tano, watangazwe kwa heshima moja. Na padre akipata habari kama ile tuliyoipata sisi, asiifunike kwa nauli na sala. Amwendee tajiri faraghani, kwa upole, kama Bwana wetu alivyotufundisha kumwonya ndugu, amwambie kweli. Tajiri naye ana roho ya kuokolewa. Kumsifu tu mchana kutwa, bila kumwambia kweli hata mara moja, ni kumtupa.

Wala wasomaji wetu wasidhani kwamba maneno haya ni ya wenye viwanda peke yao. Katika nyumba zetu nyingi yumo msichana aliyeletwa kutoka kijijini kutulelea watoto. Huamka wa kwanza, hulala wa mwisho. Katika nyumba ile baba na mama ndio wakurugenzi, na kampuni yao ina mfanyakazi mmoja. Je, mshahara wake hulipwa mwisho wa mwezi, au hukaa kwa mama "ukitunzwa" hata hesabu yake ikapotea? Je, Jumapili hupata nafasi ya kwenda Misa, au hubaki na sufuria huku sisi tukienda kuimba? Akivunja sahani, hukatwa. Akiugua, hurudishwa kwao. Mtoto wako huyaona hayo yote. Ukimwombea awe siku moja mkuu wa kampuni, ujue ya kuwa masomo yake ya ukuu ameshayaanza, na shule yake ni jikoni mwako. Jinsi anavyoona dada wa kazi anavyotendewa, ndivyo atakavyowatenda watu elfu siku atakapokabidhiwa.

Twamaliza kwa kurudi kwa yule mzee mlinzi, maana tusipomaliza kisa chake tutakuwa tumemtumia tu.

Ilituchukua majuma matatu kupata ujasiri wa kwenda ofisini kwa yule bwana. Alitukaribisha vizuri, akatuagizia soda. Tulipomweleza lililotuleta, uso wake ulibadilika, akanyamaza kitambo. Mwanzo alikasirika. Kisha alituambia jambo ambalo hatujalisahau: ya kwamba katika miaka yote aliyotoa michango yake makanisani, hakuna padre hata mmoja aliyewahi kumwuliza habari za watu wake. Sisi nasi tulinyamaza, kwa kuwa lawama ile ilikuwa yetu.

Aliwalipa walinzi kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza mzee wetu aliipokea mwenyewe. Ya pili ilipotoka alikuwa amekwisha rudi kwao, mgonjwa, na fedha zikapelekewa mwanawe. Hatujui kama alipata kuziona. Kanisa lile limeezekwa, na mvua ikinyesha waamini wanasali pakavu. Kila tupitapo hapo twayatazama mabati yale, twakumbuka ya kuwa mzee aliomba jina lake liandikwe katika daftari la waliochangia, nasi hatukuliandika.

Tuwaombee wote waliokabidhiwa kazi na riziki za watu wengine, wakubwa na wadogo, na sisi wenyewe pamoja nao. Na kabla hatujatia bahasha ya sadaka katika kikapu Jumapili ijayo, kila mmoja wetu ajiulize nyumbani mwake: je, yupo mtu ambaye jua limetua, naye bado anautazamia ujira wake mkononi mwangu? Kama yupo, tuanze na huyo. Kisha twende altareni.